Wiki Moja Mashambani Ufaransa Pamoja na Mama: Tulivyoipanga

Daftari la safari yetu lilianza na siku za magulio ya eneo tulilokwenda. Jumapili Saint-Cyprien, Jumatatu Les Eyzies, Jumanne Le Bugue, Jumatano na Jumamosi Sarlat, Alhamisi Domme. Hiyo ndiyo ilikuwa mifupa ya wiki nzima. Mapango, makasri na mto nilivipachika baadaye. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi hupanga mapumziko ya mashambani kwa mtindo wa mjini. Wanajaza orodha ya vitu vya kutazama, halafu wanafika Jumatatu mchana wakiwa na njaa na kukuta kijiji kizima kimefunga milango.

Sisi tunaishi Köln, Ujerumani. Mama alikuwa anakuja kututembelea kutoka Tanga, na mume wangu alitaka tumpeleke Paris. Tulipompigia simu kumweleza, mama akasema, "Miji nimeshaiona, mwanangu. Nipelekeni shamba, nikaone wenzetu wanalima nini na wanakula nini." Tukachagua Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako mto Dordogne unapita chini ya majabali na vijiji vimekaribiana sana. Kwa mama mwenye magoti yanayomsumbua na binti yetu wa miaka minne, ukaribu huo ndio ulioamua.

Mambo ya viza yaende kwanza, maana hayo hayasubiri. Mama aliomba viza ya Schengen, ile moja inayokubalika katika nchi nyingi za Ulaya, katika ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, kwa kuwa kanuni inataka uombe kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Viza hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha Ufaransa. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ibebe gharama za matibabu zisizopungua euro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Ile wiki ya Ufaransa tuliiandika waziwazi kwenye ratiba tuliyoambatanisha. Nyumba ya kukodi nayo tukaishika kwa masharti ya kuweza kuiacha bila hasara kama jibu la ubalozi lingechelewa. Huo ulinzi mdogo ulinipa usingizi kuliko kitu kingine chochote katika maandalizi yale.

Mwezi tuliochagua ni Juni. Julai na Agosti Wafaransa wenyewe wako likizo, bei za nyumba zinapaa na barabara nyembamba za bondeni zinasongamana. Juni joto ni la wastani, stroberi zimejaa sokoni na jua linazama karibu saa nne usiku. Hilo la jua nilimweleza mama mapema, ili ajue Magharibi itaingia saa ambayo Tanga watu wameshalala, na Isha itakuwa usiku wa manane. Alipanga usingizi wake wa mchana kufuatana na hilo, na kwa kweli ratiba yetu yote ikafuata usingizi wa mama.

Sasa nyumba. Hoteli sikuitaka, kwa sababu ya jiko. Mama hali nyama isiyochinjwa kihalali, na Périgord ni nchi ya bata na bata bukini: mafuta yao yanaingia mpaka kwenye viazi. Tukatafuta nyumba ya shambani ya kukodi kwa wiki, zile ambazo Wafaransa huziita gîte. Chama chao kikubwa, Gîtes de France, huzipanga kwa masuke ya ngano, kuanzia suke moja hadi matano, kama hoteli zinavyopangwa kwa nyota. Masuke yanakueleza habari za vifaa na starehe. Hayakuambii kama ngazi ni za mwinuko mkali, na nyumba za mawe za kule nyingi zina vyumba vya kulala juu, chini ya paa.

Hapo alituokoa jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu ambaye Kifaransa anakitiririsha. Alikaa mezani kwetu na orodha yangu ya maswali, akampigia simu mwenye nyumba. Kuna chumba cha kulala chini? Bafu lina kizingiti cha kuruka? Mashuka na taulo yamo kwenye bei, au tuje nayo? Kuna jiko la oveni na sufuria kubwa? Kutoka mlangoni hadi duka la mkate ni mwendo gani kwa miguu? Simu inashika? Kila alipopata jibu alilitafsiri kwa Kiswahili chake cha Kivu, nami nikaandika. Mashuka hayakuwamo, jambo ambalo ni la kawaida kule. Simu ilishika uani tu, kwa hiyo ramani za eneo lote nilizipakua kabisa kabla ya kuondoka. Mwisho jirani akafunika simu kwa kiganja na kuniambia, "Dada, huyu mama ni mtu wa heshima, chukua." Tukachukua.

Katika msimu wa kiangazi nyumba hizi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Funguo hupewi kabla ya saa kumi jioni, na wiki inayofuata unatakiwa uwe umetoka saa nne asubuhi. Ndiyo maana gulio kubwa la Sarlat, ambalo ni la Jumamosi, tuliliacha likapita, tukaliweka lile la Jumatano.

Usafiri tulipiga hesabu mara nyingi. Kwa gari kutoka Köln ni zaidi ya kilomita 1,000, na mama asingeweza kukaa hivyo. Tukachukua treni hadi Paris Gare du Nord, teksi hadi stesheni ya Montparnasse, kisha treni ya kasi hadi Bordeaux, ambayo huchukua saa mbili na dakika chache. Kuna metro ya moja kwa moja kati ya stesheni hizo mbili, laini namba 4, ila ngazi zake pamoja na mabegi na mtoto sizipendekezi kwa mtu mwenye mzee. Bordeaux tukachukua gari la kukodi. Gari la otomatiki liagize mapema, kwa sababu mengi yaliyopo ni ya kubadilisha gia kwa mkono, na dereva awe na kadi ya mkopo yenye jina lake kwa ajili ya amana. Barabara ya A89 ina tozo, unalipa kwa kadi getini. Barabara za mashambani zisizo na kizuizi katikati kikomo chake tangu mwaka 2018 ni kilomita 80 kwa saa, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90 sehemu fulani, kwa hiyo mume wangu alisoma vibao. Yeye amezoea 100 za Ujerumani.

Dawa za presha za mama zilisafiri kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari chenye majina ya dawa yenyewe, si ya kampuni. Nikaandika pia namba 112 ya dharura, na 3237, ambayo hukutajia duka la dawa la zamu usiku na Jumapili. Hatukuzihitaji.

Jumamosi ya kufika, kabla hata ya kuchukua funguo, tulisimama supamaketi. Hili nasisitiza. Jumapili kuanzia mchana maduka mengi ya vijijini hufungwa, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Siku za kawaida wanafunga tangu saa sita na nusu hivi hadi saa nane au saa nane na nusu mchana, na mikahawa hutoa chakula cha mchana ndani ya saa hizo hizo tu. Ukifika saa tisa ukitaka wali na samaki, utapewa kahawa. Mama alilielewa hili haraka kuliko sisi. Alizoea kijijini kwao Muheza, ambako ukilikosa gulio umelikosa hadi wiki ijayo.

Nyama ya halali tuliitoa Köln ikiwa imeganda, ndani ya begi la kutunza baridi, pamoja na makopo ya tui na pakiti ya bizari. Vingine vyote mama alinunua mwenyewe. Gulioni Saint-Cyprien alipita meza hadi meza, akisalimia kila muuzaji kabla ya kugusa kitu, na kule ndivyo inavyotakiwa. Kuingia dukani kimya na kuanza kuuliza bei ni utovu wa adabu. Yeye alisema "Hamjambo," wao wakamjibu kwa lugha yao, na biashara ikaenda. Kwenye meza ya jozi, zile kokwa zenye ganda gumu, muuzaji, bibi mwenye vidole vyeusi kwa maganda, alimvunjia moja kwa nyundo ndogo ya mbao. Mama akaitafuna polepole, akaonyesha vidole viwili vya kilo mbili. Jozi hizo alizitwanga na kuzipikia mchuzi wa kuku kwa tui, na sijala mchuzi wa namna hiyo tena. Tulikula pia samaki wa mtoni, jibini ndogo za mbuzi na stroberi mpaka binti yangu akaota madoa mekundu kwenye kila nguo. Keki za jozi tuliuliza kwanza kama zina pombe, baadhi wanatia.

Jumatatu, siku ya milango iliyofungwa, ndiyo tuliyoiwekea Lascaux, pango la michoro ya kale. Msimu ule pako wazi kila siku, na kutoka gulioni Les Eyzies unapanda tu na bonde la mto Vézère hadi Montignac. Pango lenyewe liligunduliwa na vijana wanne mwezi Septemba 1940, likafungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watazamaji zilikuwa zinaharibu michoro. Unachokiona leo ni nakala kamili iliyofunguliwa mwaka 2016. Tiketi zina saa yake, tulizinunua kabla. Nilihofia mama ataona tumemdanganya kwa pango la kuchonga, lakini alisimama mbele ya mafahali wale, waliochorwa zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, akauliza kama walioyachora walikuwa ndugu na waliochora kule Kondoa. Swali zuri. Nilimjibu kadiri ya nilivyojua, kwamba ni watu mbalimbali wa zama mbalimbali, na tukaendelea kulizungumza hadi usiku.

Ila kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu katika bonde lile, nenda Les Milandes. Ni kasri aliloishi Josephine Baker, mwanamke mweusi aliyezaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, akafika Paris akiwa na miaka 19 na kuwa msanii mkubwa wa jukwaani. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi ya siri kwa ajili ya Ufaransa dhidi ya Wajerumani. Kasri alilinunua mwaka 1947, na humo akalea watoto kumi na wawili aliowachukua kutoka nchi mbalimbali, wa rangi na dini tofauti, akitaka dunia ione kwamba inawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madeni yakamtoa.

Mama hasomi Kifaransa wala Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea kila kibao kwa Kiswahili, chumba kwa chumba. Magauni aliyapita. Jikoni akakaa.

"Watoto kumi na wawili, na hakuna wa kumzaa?"

"Wote wa kulea, mama."

"Alikuwa anawapikia mwenyewe?"

Sikujua, nikamwambia alikuwa na wasaidizi lakini pia alisafiri kuimba ili watoto wapate kula. Mama, ambaye nyumba yake haijawahi kukosa watoto wa ndugu, akatikisa kichwa kwa muda. "Basi huyo amelea," akasema. Nikamweleza kwamba tarehe 30 Novemba 2021 Wafaransa walimwingiza Panthéon, wanakowekwa mashujaa wao, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo, na kwamba ndani ya jeneza waliweka udongo wa sehemu alizopenda, ukiwamo wa pale pale Milandes. Mama aliomba turudi tuanze chumba cha kwanza upya. Tukarudi. Kasri la Castelnaud, lililokuwa kwenye ratiba ya alasiri ile, tulilifuta bila kujadiliana.

Ijumaa ilikuwa ya mto. Mimi na mume wangu tulikodi mtumbwi, tukashuka na maji yasiyo na haraka hadi chini ya ngome ya Beynac. Mama na binti walipanda mashua bapa pale La Roque-Gageac, safari ya karibu saa moja. Mashua za namna ile zamani zilibeba mbao na mapipa kuelekea Bordeaux. Mama anazijua mashua tangu utotoni, akamkosoa nahodha kimyakimya kwa jinsi alivyofunga kamba.

Kwa siku ya kuondoka, usikate tiketi ya treni ya mchana. Nyumba lazima iwe imefagiliwa na vyombo vimeoshwa saa nne, mwenye nyumba apite chumba kwa chumba na kurudisha amana. Barabara hadi Bordeaux ni saa mbili na nusu hivi, tanki lijazwe kabla ya kurudisha gari, na pampu za supamaketi za kujihudumia hushikilia kiasi kikubwa kwenye kadi kwa muda kabla ya kukata bei halisi. Sisi tulichukua treni ya saa tisa alasiri, tukala mikate yetu ya mayai stesheni, na kilo moja ya jozi iliyobaki mama aliifungasha kwa ajili ya Tanga.