Pesa ya ukarabati huja, ya matunzo haiji

Bajeti inaposomwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, jirani zangu husikiliza habari za barabara, maji na mishahara. Mimi nasikiliza Mji Mkongwe. Nataka kusikia pesa ya kubadilisha boriti zilizooza, ya kuzibua mabomba ya mvua juu ya paa, ya kupiga chokaa kuta kabla masika haijaingia. Ninayoyasikia zaidi ni majina ya majengo makubwa na ya wafadhili watakaoyagharamia.

Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari hapa mjini Unguja. Nimezaliwa Kiponda, ndani ya nyumba ya babu ambayo mpaka leo ni ya warithi wote kwa pamoja: wengine tuko hapa, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat. Asubuhi nawafundisha watoto kwamba UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Jioni, mvua ikinyesha, nakinga ndoo ghorofani.

Karibuni tulimwita fundi aje kututazamia dari. Ni mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake, na hana haraka. Alipanda ngazi, akatoa bisibisi mfukoni, akaichoma kichwani mwa boriti, pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akahamia boriti ya pili, nayo ikazama. Ya tatu ikagoma. "Hii nzima," akasema, "lakini mwanangu, moja nzima haibebi dari."

Ami yangu aliyekuja kutoka Muscat akataka tumalize maneno: tuondoe boriti, tumwage zege, basi. Fundi akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwonyesha ukuta wa chini, upande wa uani, ambako miaka ya nyuma mtu alipiga plasta ya saruji. Pale juu ya saruji rangi yote imebambuka na chumvi nyeupe imetoka nje ya jiwe. "Bwana, hili jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka chini. Chokaa inayaachia yatoke. Saruji inayafungia ndani. Yakifungiwa yanapanda, yanatafuta boriti."

Nimeieleza kazi ile kwa sababu sheria yetu ya hifadhi imejengwa juu ya maarifa ya watu kama yeye. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, udongo mwekundu na boriti za mikoko. Upana wa vyumba umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana nyumba kubwa za kitajiri nazo zina vyumba virefu na vyembamba. Chokaa hutokana na mawe yanayochomwa kwenye tanuu, kisha huzimwa kwa maji na kulazwa shimoni muda mrefu ndipo iwe laini. Sakafu ya dari ilipigwa kwa vijiti, watu wamejipanga, wanaimba, mpaka ishikane. Bibi aliziimba nyimbo hizo akipepeta mchele, na ninaumia kwamba hakuna aliyezirekodi.

Mamlaka ya kuhifadhi mji ilianzishwa mwaka 1985. Sheria ikaja mwaka 1994, na iliyopo sasa ni ya 2010. Inataka kibali kabla hujagusa nyumba, na inataka vifaa vya asili. Naiunga mkono kwa moyo wote. Isingekuwapo, leo Kiponda pangekuwa maghorofa ya vioo. Lakini itazame kutoka ngazini pale fundi aliposimama. Saruji imo katika kila duka la vifaa. Chokaa iliyolazwa vizuri lazima uiagizie mapema. Boriti ndiyo kazi zaidi, maana mikoko nayo inalindwa na sheria ya misitu ya mwaka 1996, haikatwi bila kibali, na ni haki ilindwe, kwa kuwa bila mikoko samaki hawana pa kuzalia. Basi sheria moja inakuamuru utumie boriti na nyingine inailinda isikatwe ovyo. Zote mbili ni njema, na kati yao kasimama mjane mwenye nyumba inayovuja. Tangu nizaliwe sijaona jirani aliyepewa hata kiroba kimoja cha chokaa kwa sababu nyumba yake ni urithi wa dunia.

Si kwamba pesa haiji kabisa. Taasisi ya Aga Khan ilikarabati ile Dispensari ya Kale kule bandarini katika miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Kanisa la Mkunazini limekarabatiwa, pesa za Umoja wa Ulaya zikiwemo. Nawashukuru wote. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na nyumba ya chokaa haijui tarehe. Inataka kutazamwa kila mwaka, kidogo kidogo: bomba lililoziba, ufa wa unene wa kidole, mche wa mkuyu uliojiotea juu ya paa. Mche ule ukiachwa, mizizi yake inaingia ukutani na kuutenganisha. Kuung'oa ukiwa mchanga ni kazi ya mtoto na ngazi. Baada ya miaka kumi ni kazi ya mfadhili.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani, imetufundisha hili kwa uchungu. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, ikastahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ikawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Mimi niliingia humo na wanafunzi wangu, tukauzunguka mtepe uliosimama katika ukumbi wa chini, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mwanafunzi mmoja wa Nungwi, babake fundi wa vyombo, alikataa kutoka mpaka ahesabu mishono. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ikaporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati uliogharamiwa na serikali ya Oman, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Siku ile nilisimama Forodhani na mamia ya watu, na wazee walikuwa wakilia waziwazi. Pesa ilikuwepo. Ilifika wakati kuta zimeshachoka kwa miaka mingi mno.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba sisi tulikuwa na mfumo wa matunzo kabla ya neno mradi kufika visiwani. Ulikuwa wakfu. Mtu aliacha nyumba au duka, kodi yake iendeshe msikiti, isomeshe watoto au ilishe jamaa. Na fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, iko wazi: mapato ya wakfu yanaanza kutengeneza mali yenyewe, ndipo walengwa wapate kilichobaki. Mali ikianguka hakuna msikiti wala jamaa atakayefaidika. Nyumba na maduka mengi ya Mji Mkongwe ni wakfu hadi leo. Ukiyasoma masharti ya wakfu wa zamani unaona watu waliopanga matunzo kabla ya kugawana faida. Hatuhitaji mshauri kutoka mbali aje kutufundisha kanuni hiyo. Tunahitaji iingie katika sheria ya fedha.

Mfano mwingine uko mwendo mfupi kutoka mjini. Wakulima wanaopakana na msitu wa Jozani wanaishi na kima punju, mnyama ambaye asili yake ni hapa Unguja tu. Kima wanaingia mashambani na kula mazao, na mkulima haruhusiwi kuwadhuru. Ikakubaliwa kwamba sehemu ya pesa za watalii wanaokuja kuwaona iwarudie watu wanaobeba hasara ile. Naona ni uadilifu mkubwa. Mwenye nyumba wa Kiponda, Malindi au Sokomuhogo naye amekatazwa kufanya atakavyo na mali yake kwa faida ya dunia nzima. Watalii wanapita mlangoni kwake na kamera. Mlango ule wa kuchonga ni yeye anayeupaka mafuta, ni yeye anayekataa pesa za wanaotaka kuung'oa wakauuze. Yeye harudishiwi kitu.

Kukusanya tunaweza. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje aliye mtu mzima anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44. Sisemi pesa ile iguswe, ina kazi yake ya matibabu na dharura. Nasema tumeonyesha kwamba tukiamua, mfumo unasimama. Kiasi kidogo kwa kila usiku mgeni anaolala ndani ya Mji Mkongwe, kiingizwe katika mfuko uliotajwa kwa jina ndani ya sheria, usioweza kuhamishiwa matumizi mengine. Mfuko uchangie nusu ya boriti na chokaa kwa nyumba inayokaliwa na wenyewe au na wapangaji wa muda mrefu, sio kwa hoteli. Uwe na bohari ya chokaa iliyokwisha lazwa, ili mtu asikimbilie saruji kwa sababu ya haraka. Na ulipe mafundi wazee wafundishe vijana, kwa mshahara. Fundi wetu ana mikono inayotetemeka sasa, na kijana wake anaendesha bodaboda.

Pesa ya utafiti nayo ina maradhi hayohayo. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Pemba, tukafika kwenye magofu ya Ras Mkumbuu kwa kupitia Ndagoni. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale katika miaka ya 1950, na mwenzake Mark Horton akaja baadaye. Kwa kazi zao tunajua kwamba watu wa pwani hii walikuwa na mji na msikiti wa Ijumaa pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanafunzi walikaa mbele ya kibla, mmoja akasoma Fatiha bila kuambiwa. Mizizi imeukumbatia ukuta na mawe yanadondoka. Wachimbaji walipata ruzuku ya kuchimba na kuandika. Kukata majani kila baada ya mvua hakuna chuo cha Ulaya kinachotoa ruzuku, wala sikitazamii kitoe. Hilo ni letu. Mambo ya kale si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake tangu zama za ukoloni, basi hakuna wa kumsingizia ng'ambo ya bahari.

Au chukua maandishi ya Kiarabu yaliyoko Nyaraka za Taifa, Kilimani, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Cheti hupatikana mara moja. Karatasi inataka ubaridi na ukavu usiku na mchana, na umeme wa kuleta ubaridi huo una bili kila mwezi.

Warithi wenzangu wamekubali kuchanga kwa boriti za chumba cha juu, na ami, baada ya kuuona ukuta ule wa saruji, ndiye aliyeahidi fungu kubwa. Nyumba yetu itapona kwa sababu tuna watu Muscat. Jirani wa mkono wa kushoto hana mtu Muscat.

Nimemwandikia mwakilishi wetu barua ya kurasa mbili, nikamwambia kuhusu Jozani, kuhusu wakfu, na kuhusu mfuko. Nimemwomba aulize swali moja tu wizara itakaposimama: katika pesa ya urithi inayoombwa mwaka huu, ni shilingi ngapi za matunzo ya nyumba zinazokaliwa na watu? Bajeti inasomwa kati ya Mei na Juni. Ikiwa unakaa Shangani, Vuga, Mkunazini au Hurumzi, mwandikie wa kwako kabla kamati hazijamaliza vikao, na ambatanisha picha ya boriti yako.