Sarafu za mifuko ya benki: kuzichambua Dodoma kunalipa?

Februari

Mradi ni huu: nachukua sarafu benki kwa mfuko, nazichambua mezani moja baada ya nyingine, zinazofaa kwa mkusanyo naziweka pembeni, zilizobaki nazirudisha mtaani. Wamarekani wanaufanya sana mchezo huu na wapo wanaopata madini ya fedha kwa njia hiyo. Kule sarafu za senti 10, 25 na 50 zilizogongwa hadi 1964 zilikuwa na fedha asilimia 90. Sheria ya 1965 ikaiondoa kabisa kwenye senti 10 na 25, na kwenye nusu dola ikaipunguza hadi asilimia 40, ambayo nayo ikakoma 1970. Lakini ukubwa haukubadilika, wala thamani iliyoandikwa. Sarafu ya 1964 inapita dukani sawasawa na ya juzi. Kwa hiyo mtu ananunua dirishani bunda la nusu dola 20 kwa dola 10, analifungua, na pengine anakuta moja ya zile za zamani imejichanganya humo.

Nataka kujua kama jambo hilo lina nafasi hapa kwetu, na kama halina, ni kwa nini.

Kwangu kuzipata sarafu si kazi. Nina kibanda cha uwakala Chang'ombe, benki naenda kwa ajili ya floti hata kama sina habari na sarafu. Kuziachia nako ni rahisi. Wachambuaji wa Marekani wanahangaika na benki ya kurudishia mzigo waliomaliza kuupitia, mimi hapa nina mama lishe wawili, muuza maji na kijana wa chipsi ambao kila asubuhi wanauliza chenji. Mzigo wa shilingi 100 nikiuweka mezani saa mbili, saa nne umekwisha.

"Kaka wakala, leo tena sarafu?" keshia aliniuliza.

"Ndiyo dada. Za mia, na kama zipo ambazo hazijaguswa nipe hizo."

Zilikuwepo.

Machi

Mfuko wa sarafu za Tanzania hauna aina nyingi. Kuna 50 yenye pembe saba, Mzee Mwinyi upande mmoja, faru na mtoto wake upande wa pili. Kuna 100 ya Mwalimu Nyerere na swala wanaokimbia, 200 ya Mzee Karume na simba, na 500 ya Karume tena na nyati, iliyoingia mtaani Oktoba 2014. Basi. Miaka nayo ni michache mno. Kwenye 50 nakutana na 1996, 2012 na 2015. Kwenye 100 ni 1994, kisha tena 2012 na 2015. Mia mbili: 1998, 2008, 2014. Jero zote nilizopitisha mkononi zimeandikwa 2014.

Mchambuaji aliyezoea nchi zinazogonga sarafu kila mwaka ataona huu ni umaskini. Mimi naona ni nafuu. Maana yake seti nzima ya miaka inaweza kukamilika bila kuvunja kibubu, na swali linahama: hutafuti tena mwaka adimu, unatafuta sarafu nzima. Na hapo ndipo ugumu ulipo.

Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikazipitisha zote. Hamsini na mia zinanasa, kwa sababu ndani ni chuma na ile rangi ya dhahabu ni ngozi tu ya shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, juu yake. Jero inanasa pia: chuma kilichopakwa nikeli, gramu 9.5. Mia mbili ya 1998 hainasi hata kidogo, hiyo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki mpaka ndani. Tofauti hii inaonekana kwenye mfuko hata kabla hujaleta sumaku. Mia mbili ya 1998 imelainika usoni lakini ina afya. Mia ya 1994 imeliwa ukingoni, ngozi imechanika, kutu imeingia na kuacha vidonda vyeusi shingoni kwa Mwalimu. Sarafu ya chuma haizeeki polepole. Inakaa vizuri hadi siku ngozi inapofunguka, halafu inaharibika kwa haraka.

Ndiyo maana nasema hamsini ya 1996 ambayo faru wake bado ana makunyanzi ni kitu cha kutunzwa, hata kama hakuna atakayekupa hela ya maana kwa ajili yake. Zimepita jasho la mikono, mifuko ya suruali, makopo ya sadaka na droo za daladala kwa miaka yote hiyo. Ninayo moja sasa. Faru wake unaweza kumhesabia mikunjo ya ngozi kwa kioo cha kukuzia.

Anayetaka kuanza ajifunze pia jero. Upande wa nyati kuna alama iliyofichwa: ukiigeuza geuza kwenye mwanga, unaiona 500 au herufi BOT. Kwenye jero iliyosuguliwa sana alama hiyo hufifia mapema kuliko picha, kwa hiyo inakupa kipimo cha haraka cha uchakavu. Nikiona alama ni kali, ndipo napoteza muda kutazama zaidi.

Aprili

Hesabu ya muda, kwa sababu swali lilikuwa hilo.

Shilingi 50,000 za mia ni sarafu 500. Kila moja nikiipa sekunde 5, yaani kutazama mwaka, kuigeuza, kutazama ukingo, ni dakika 42 hivi. Ongeza kuzihesabu upya na kuzifunga kwa ajili ya wateja, ni saa nzima. Katika saa hiyo nabaki na sarafu chache safi, na mifuko mingine hainiachii hata moja. Nazotafuta zaidi ya hizo ni zenye kasoro ya kiwandani, kama uso na mgongo visivyolingana au mhuri uliokwenda pembeni, na hizo bado sijaziona.

Kwa pesa, hailipi. Naliandika wazi kwa sababu naulizwa na vijana hapa kibandani wakidhani nimegundua biashara. Sarafu safi ya 2012 thamani yake ni shilingi 100, na mkusanyaji wa nje anayeitaka anaweza kuipata kwa bei ndogo kwa wauzaji wa huko huko. Sarafu za matumizi za Benki Kuu ya Tanzania hazikuwahi kuwa na madini ya fedha. Zipo za fedha na dhahabu zilizotolewa 1974 kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama, lakini zile ziligongwa kwa ajili ya wakusanyaji, hazikuingia sokoni Majengo kununua nyanya.

Nimejaribu na makonda pia. Jioni konda anataka noti ili afunge hesabu kwa tajiri, na sarafu ni mzigo. "Kaka, chukua jero zote hizi, nipe noti tu," na anashukuru. Sarafu za makonda zimechakaa kuliko za benki lakini zina mchanganyiko mkubwa wa miaka. Kwa anayetafuta 1994 na 1996, konda ni bora kuliko keshia. Kwa anayetafuta sarafu ambayo haijaguswa, ni keshia, tena siku ambayo mifuko imefika kutoka Benki Kuu.

Mei

Sasa kuhusu zile za zamani, ambazo ndizo roho ya mchezo huu kule ulikoanzia.

Benki Kuu ilifungua milango Juni 1966 na mwaka huo huo ikatoa sarafu zake za kwanza: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika Mwenge. Baadaye ikaja shilingi 5 ya pande kumi, ambayo wazee wanaiita dala, na 1977 senti 10 ya pundamilia yenye ukingo wa mawimbi. Sijakutana na hata moja ya hizi kwenye mfuko wa benki, na nimeshaacha kuzitegemea humo.

Sababu haihusiani na uchache wake, kwa kuwa ziligongwa kwa wingi. Sababu ni kwamba hazina pa kukaa. Shilingi iliposhuka thamani, senti hazikununua kitu, kisha shilingi moja haikununua kitu, kisha tano, kumi na ishirini. Leo ndogo kabisa inayofanya kazi mtaani ni 50, na nayo inasukumwa ukingoni. Nusu dola ya 1964 inajificha ndani ya bunda kwa sababu benki inaihesabu kama nusu dola nyingine yoyote. Shilingi ya Mwenge haiwezi kujificha, hakuna mfuko wa shilingi moja wa kuingia. Mfumuko wa bei ulizichuja sarafu zetu kabla mimi sijakaa mezani.

Kwa hiyo mchambuaji wa Dodoma akisema anatafuta sarafu za zamani benki, anatafuta mahali ambapo haziwezi kuwepo. Hili ndilo jambo kubwa nililolipata katika mradi huu, na limebadilisha ninakoelekeza muda wangu.

Juni

Zipo nyumbani. Nililishuku hilo tangu lile zoezi la noti: Benki Kuu ilipotangaza kuziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010, na kuwapa watu kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 wazibadilishe, watu walifungua masanduku. Kibandani kwangu waliniletea noti kuuliza kama bado zinafaa, na chini ya noti, kwenye bahasha ile ile, mara nyingi kulikuwa na sarafu. Tangazo lilihusu noti tu. Sarafu zikarudi sandukuni.

Kwa hiyo nimeanza kwenda Kongwa siku za mapumziko. Nimeichagua kwa sababu ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Vibarua wengi walilipwa mshahara wa fedha taslimu katika eneo ambalo mali ilikuwa ng'ombe, na mshahara huo ulikuwa shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zile zenye simba amesimama mbele ya milima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizo zilikuwa za babu yako, alifanya kazi kwenye karanga."

Alinimwagia mkekani kopo la unga wa maziwa. Shilingi za simba za 1948 na 1949, senti 10 kubwa zenye tundu na pembe za ndovu zimelizunguka tundu, senti 5 za namna hiyo hiyo ndogo yake, na shilingi chache za Mwenge. Sikununua siku ile. Nilimwomba nizipige picha na kuandika alizokumbuka: nani alilipwa, wapi, alinunua nini. Alisema mashuka na jembe. Nikamweleza pia ukweli wa thamani, kwa sababu kuna watu wanapita vijijini wakidanganya kwamba sarafu hizi zina zebaki au zinauzwa mamilioni, na wengine wanadanganya upande wa pili, wananunua kwa bei ya pipi. Shilingi ya simba hadi 1946 ina fedha robo ya uzani wake. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, haina fedha kabisa. Za bibi huyu basi ni hizo za pili. Thamani yake kubwa ni kwamba zinajulikana zilikotoka, na hilo hupotea mara tu zinapochanganywa kwenye kopo la mfanyabiashara.

Nilimsihi asizisugue na mchanga wala majivu. Alikuwa ameshapanga kuzing'arisha kwa ajili ya mgeni.

Julai

Benki sijaiacha, nimeipunguza. Nachukua mfuko pale tu keshia anaponiambia umefika mpya. Makonda naendelea nao kwa sababu hawanigharimu zaidi ya kukaa kibandani hadi jioni. Saa zilizobaki nazipeleka vijijini, na kila sarafu ninayoandika inapata mstari wake daftarini: kijiji, ilikuwa ya nani kwa maana ya undugu, alivyoipata.

Safari inayofuata ni Mpwapwa. Misafara ilipita pale kabla ya reli, na Wajerumani walijenga boma lao, hivyo natumaini kuona hela na rupia, sarafu za enzi za Wajerumani. Ninayoitamani kuliko zote ni hela 20 iliyogongwa Tabora 1916, wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, yenye herufi T chini. Ya shaba au ya shaba nyeupe, yoyote. Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo iliyotoka Tabora mwaka huo huo siiwazi kuimiliki, ingawa dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, Iramba, mkoa wa jirani tu na hapa.

Kwenye albamu ya Benki Kuu bado napungukiwa senti 10 ya pundamilia na 100 ya 1994 isiyo na kutu. Ya pundamilia nimeahidiwa na mzee mmoja wa Hogoro akimaliza kuvuna. Ya 1994 naitafuta kwa makonda wa njia ya Nkuhungu, na leo jioni wameniwekea kopo zima.