Kifungu cha miaka miwili: nilivyohamia kampuni nyingine kwa amani

Mkataba wangu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa ulikuwa na kifungu kinachojulikana na makarani wengi wa kliaringi: ukiacha kazi, usiajiriwe na kampuni nyingine ya aina hiyo, wala usifungue yako, kwa miaka miwili, popote Afrika Mashariki. Nilikisoma siku ya kutia sahihi na nikakubali, maana kazi niliitaka. Kikalala kwenye faili mpaka kampuni nyingine iliponiita, mshahara mkubwa zaidi na dawati zima la magari na mashine chini yangu.

Kazi ninayoijua mimi ni kutoa mizigo bandarini. Nina cheti cha mafunzo ya uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, najua kuandaa entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kukokotoa ushuru, na kulifuatilia kontena kutoka Kilindini mpaka lishuke kwenye treni Embakasi, Nairobi. Kifungu kile kikishikwa neno kwa neno, nimefungiwa riziki kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam na Kampala, na watoto wanasubiri karo.

Ushauri ulikuja mwingi. Wenzangu wengine waliniambia vifungu hivyo ni vitisho tu, hama na unyamaze. Wengine waliapa kwamba nitaburutwa kortini. Binamu yangu akanitumia habari kwamba Marekani imevipiga marufuku kabisa. Ni kweli tume yao ya biashara ilipitisha kanuni hiyo Aprili 2024, lakini Agosti ya mwaka huo huo mahakama ya Texas iliibatilisha, na hata ingesimama, isingemlinda karani wa Mombasa. Nilichohitaji ni sheria ya hapa, basi nikaenda kwa wakili.

Mama yule alinifungulia Sura ya 24 ya Sheria za Kenya, sheria fupi sana inayohusu mikataba ya kuzuia watu kufanya biashara au kazi yao. Inasema kifungu cha namna hiyo hakiwi batili kwa kuwamo tu mkatabani. Lakini Mahakama Kuu inaweza kukibatilisha ikiona hakina busara, ikipima aina ya kazi, muda, eneo na mazingira yote: kama kinamlinda mwajiri kupita anavyostahili, au kinaumiza maslahi ya umma. Kwa hiyo waliosema ni vitisho tu walikosea, na walioapa kwamba nimekwisha walikosea pia. Akaniambia habari ya Nordenfelt, mtengenezaji wa mizinga ya vita, ambaye mwaka 1894 mahakama ya juu ya Uingereza ilimshikilia kwenye ahadi ya kutofanya tena biashara hiyo kwa miaka 25 karibu dunia nzima. Yule alikuwa ameuza biashara yake na kulipwa fedha nyingi. "Wewe mwanangu hukuuza kampuni," akasema, "wewe unauza kazi ya mikono yako, na mahakama huyatazama mambo hayo mawili kwa macho tofauti."

Kisha akafanya jambo lililonisaidia kuliko yote. Alichukua kalamu akaugawa ukurasa wa mkataba wangu wenye kifungu kile sehemu tatu: pale ninapokatazwa kufanya kazi kwa mshindani, pale ninapokatazwa kuwafuata wateja, na pale ninapotakiwa kutunza siri. Ile ya kwanza, kwa miaka miwili na nchi zote hizi, aliiona dhaifu. Mbili zilizobaki aliniambia nizichukulie kwa uzito, kwa sababu hapo mwajiri ana kitu halisi cha kulinda.

Nilirudi nyumbani nikajiuliza kilicho changu ni kipi na cha kampuni ni kipi. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki vimechapishwa, kila mtu anavisoma. Kwamba gari la mtumba lililozidi miaka minane haliingii Kenya, hata dereva wa lori anajua. Kusoma hati ya shehena na kuona kosa kabla halijazaa demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, huo ni ujuzi wangu, na naamini kwa moyo wote kwamba hakuna mwajiri anayeweza kuubakiza mlangoni mtu anapotoka. Lakini bei anayotozwa mteja fulani, nani anapewa mkopo wa siku ngapi, nani analeta makontena mangapi kwa mwezi, hayo niliyajua kwa sababu nilikaa kwenye kiti cha kampuni. Hayo si yangu.

Kabla ya kuandika notisi, niliwapelekea waajiri wapya nakala ya ukurasa ule. Nilitaka wajue wanamwajiri mtu mwenye sharti gani. Meneja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulidhani utakuja na watu wako." Nikamjibu kwamba naja na kazi yangu, na kama wanachotaka ni orodha ya wateja basi tusiendelee. Nikaomba barua ya ajira iseme wazi kwamba sitatakiwa kuleta wateja wala taarifa za kampuni niliyotoka. Waliandika. Wangekataa, ningebaki nilipokuwa.

Mwajiri wangu wa zamani hakufurahi. Ni kampuni ya familia, na kweli mengi alinifundisha yeye. Alinitajia kifungu, akaniambia hatanipa cheti cha utumishi. Sikubishana naye siku ile. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe cheti hicho kila anayemaliza kazi, isipokuwa aliyefanya chini ya wiki nne mfululizo, na wakili alimkumbusha hilo kwa barua ya heshima. Katika barua hiyo hiyo tuliweka pendekezo: kwa miezi sita sitawafuata wateja niliokuwa nikiwahudumia mwenyewe, majina yao yakiorodheshwa, siri za bei nitazitunza bila kikomo, naye asinizuie kufanya kazi bandarini. Hilo la majina ndilo lililomlainisha, nadhani. Hofu yake haikuwa mimi kuandaa entri kwingine. Alihofia waagizaji wawili watatu wa magari wanaompa kazi kila meli.

Tulitia sahihi kwenye karatasi moja, akaandika mkono wake kwamba kifungu cha zamani kimekoma. Nikarudisha laptopu na laini ya simu ya ofisi. Namba za wateja zilizokuwa kwenye simu yangu binafsi nilizifuta mbele ya msichana wa rasilimali watu, naye akaliandika hilo kwenye fomu ya makabidhiano. Cheti nikapewa.

Sehemu ngumu ilikuja baadaye, wateja walipoanza kupiga wenyewe. Mmoja gari lake lilikuwa limekwama kwenye ukaguzi na siku za kuhifadhi zinahesabu. "Dada, nisaidie tu, nitakulipa wewe moja kwa moja." Nilimwambia siwezi mpaka tarehe fulani ipite, nikamrudisha kwa mwenzangu wa zamani aliyechukua faili lake. Makubaliano yangu yalinikataza kuwafuata, na mteja akija mwenyewe mtu anaweza kubishana maana yake, lakini sikutaka karatasi niliyoihangaikia iishie kwenye mabishano. Miezi sita ilipokwisha wengine walikuja, wengine walibaki kule.

Mkataba wangu mpya nao una kifungu. Safari hii niliomba kiandikwe upya kabla ya sahihi: miezi sita, bandari ya Mombasa peke yake, na wateja nitakaowahudumia mwenyewe katika mwaka wa mwisho wa kazi. Meneja alisema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Aliubadilisha siku hiyo hiyo, na sasa makarani wote wa dawati langu wana kifungu kilichoandikwa namna hiyo.