Siku tatu na Mama kwenye maziwa ya Killarney

Mama yangu ameuza samaki mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipokuja kunitembelea Ireland mwishoni mwa mwezi wa tano, sikutaka kumzungusha madukani. Nilitaka aone ziwa. Dublin ninakoishi kuna bahari, lakini bahari humchosha. Husema haina ng'ambo. Basi nikakata tiketi za treni kwenda Killarney, mji wa kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa nchi, uliokaa kando ya maziwa matatu chini ya milima.

Treni ilitoka stesheni ya Heuston asubuhi, tukabadilisha Mallow. Nilimwandaa Mama kwa kituo kimoja kidogo baada ya hapo, Banteer, kwa sababu ndicho kilicho karibu na Kanturk, alikozaliwa Edel Quinn mwaka 1907. Mama ni mwanachama wa Legio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki, tangu ujana wake. Kwake huyu ni mtu wa karibu: binti mgonjwa wa kifua aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1936 kueneza Legio, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za wakati ule, hadi akafia Nairobi mwaka 1944. Kaburi lake liko huko huko Nairobi. Treni ilipopunguza mwendo Banteer, Mama alitoa rozari. Nje kulikuwa na ng'ombe, ua wa miti na mvua nyepesi. Akatazama hadi kituo kikapotea, kisha akasema, "Kumbe alitoka mahali pakimya hivi."

Tulifika Killarney mchana. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu: barabara za maduka, baa zenye muziki, na magari ya farasi yaliyopangwa kusubiri wageni kama bodaboda zetu zinavyosubiri stendi. Watalii wamekuwa wakija kwa wingi tangu reli ilipofika mwaka 1853, na mwaka uliofuata ikafunguliwa hoteli ya reli karibu na stesheni. Mama hakuvutiwa sana na maduka, ila alipendezwa na kikombe. Tuliagiza chai ya kuondoka nayo, tukaambiwa tuweke euro 2 za dhamana, tutarudishiwa tukirudisha kikombe kwenye mgahawa wowote mjini ulio katika mpango huo. Tangu mwaka 2023 migahawa na hoteli nyingi za Killarney zimeacha vikombe vya kutupa. "Ni kama chupa ya soda," akasema Mama, akiwa ameelewa kabla sijamaliza kutafsiri.

Jioni hiyo tuliingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria. Ni kanisa refu la mawe ya kijivu lililosanifiwa na Pugin, msanifu majengo wa Uingereza, na ujenzi wake ulianza mwaka 1842. Halafu ikaja njaa kuu. Viazi vilioza shambani kuanzia mwaka 1845, na kwa miaka michache watu wapatao milioni moja wakafa, wengine kama hao wakapanda meli wakaondoka. Kazi ya ujenzi ilisimama, na jengo hilo ambalo halijakamilika likageuzwa makazi ya wagonjwa na wenye njaa. Mbele ya kanisa, kwenye majani, umesimama mti mmoja mkubwa mno, ambao hata watu watatu wakishikana mikono sidhani kama wangeuzunguka. Chini yake walizikwa watoto waliokufa kwa njaa ile. Nilimweleza Mama hivyo, akavua kitambaa cha kichwani akakifunga upya, kama afanyavyo msibani. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tuliokaa ndani ya kanisa.

"Na ziwa limejaa samaki hapo karibu?" akauliza. "Walikufaje njaa kando ya ziwa?"

Nilimjibu kadiri ninavyojua. Samaki hawakuwa wa kila mtu. Ardhi na maji vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mabwana wachache. Tangu hapo kila tulipofika alirudia swali lile lile: hapa ni pa nani?

Asubuhi ya pili tulipanda gari la farasi hadi ngome ya Ross, ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote matatu, Lough Leane. Waendesha magari haya huitwa jarvey, na kazi hiyo wengi wameirithi kwa baba na babu. Wetu alikuwa mzee mchangamfu aliyemshika Mama mkono kupanda na kushuka. Farasi wamefungiwa mfuko wa kukinga kinyesi kisianguke barabarani, jambo ambalo Mama alilisifu, maana anajua sokoni kinachochafua biashara ni nini.

Ngome ya Ross ilijengwa katika karne ya 15 na ukoo wa O'Donoghue Mór. Ni mnara mnene wa mawe, maji yakiwa karibu kabisa. Ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho kusalimu amri kwa majeshi ya Cromwell, mtawala wa Uingereza aliyeivamia Ireland, mwaka 1652. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na utabiri: Ross haitatekwa mpaka meli ya vita ielee ziwani. Maadui walipoleta mashua zao majini, walinzi wakakata tamaa. Ardhi ile ilikuja kuwa ya ukoo wa Browne, ambao walipewa cheo cha kibwana, Maerli wa Kenmare. Bado kuna hadithi kwamba O'Donoghue mwenyewe yumo chini ya maji, na kila baada ya miaka saba huibuka alfajiri ya mwezi wa tano akiwa juu ya farasi mweupe. Mama aliipokea hadithi hiyo bila kushangaa hata kidogo. Ziwa lolote kubwa lina mwenyewe chini, alisema.

Kutoka hapo tulichukua mashua kwenda kisiwa cha Innisfallen. Hapa ndipo nilipomwona Mama niliyemjua. Kabla ya kuingia aliinama akagusa ubao wa mashua, akakagua ulivyounganishwa, akatazama mashine, akatazama mawingu yalikotoka. Akaketi katikati bila kuambiwa. Mwenye mashua alimwangalia akatabasamu, akaniuliza kama mama yangu ni wa kazi hii. Nilimwambia ni wa kazi hii hasa. Wakaanza kuongea kupitia kwangu. Alimweleza habari ya samaki aina ya trout na salmon, na samaki mmoja mdogo jamii ya shad ambaye haishi kokote duniani ila katika Lough Leane. Mama naye akamweleza furu wetu, jinsi walivyokuwa wa kila rangi utotoni mwake na jinsi sangara, aliyepandikizwa ziwani kwetu miaka ya 1950, alivyowamaliza kwa wingi. "Mwambie wamlinde huyo mdogo wao," aliniagiza. Nikamwambia.

Innisfallen ni kisiwa kidogo chenye miti mingi na magofu ya monasteri iliyoanzishwa katika karne ya 7. Watawa waliishi pale kwa mamia ya miaka, wakaandika kumbukumbu za matukio ya Ireland mwaka hadi mwaka, kizazi kimoja kikipokezana kalamu na kingine. Kitabu chenyewe hakipo tena Killarney. Kimehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford, huko Uingereza. Jina la ziwa kwa Kiairishi, Loch Léin, wengi hulifasiri Ziwa la Elimu kwa ajili ya watawa hao. Tuliketi penye mlango wa kikanisa kidogo cha mawe, tukala mkate wa kahawia wa hapa, ule unaoumuliwa kwa magadi, na siagi. Ndege tu na maji. Ukiwa na nusu siku moja peke yake Killarney, nakushauri uitumie kisiwani humo, uache mengine.

Mchana tulikwenda Muckross. Kwanza magofu ya nyumba ya Wafransisko iliyoanzishwa mwaka 1448, ambayo paa limeondoka lakini baraza zake za mawe zinazozunguka ua mdogo zimesimama imara. Katikati ya ua umeota mti aina ya yew, mweusi, mzito, umefunika mwanga wote kama mwavuli. Kisha jumba la Muckross lenyewe, lililokamilika mwaka 1843 kwa ajili ya Henry Arthur Herbert na mkewe Mary, ambaye alikuwa mchoraji hodari wa rangi za maji. Mwezi wa nane mwaka 1861 Malkia Victoria alifikia humo. Waliandaa nyumba kwa miaka: mapazia, vyombo, samani. Chumba chake kiko chini, kwa kuwa, kama mwongozaji alivyotueleza, aliogopa moto na hakutaka kulala ghorofani.

Mama alisimama mlangoni pa chumba hicho. "Victoria yupi? Huyu wa ziwa letu?"

Ndiye. Miaka mitatu tu kabla ya ziara ile, mwezi wa nane mwaka 1858, Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza akiwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Mama alilitazama lile jumba kwa utulivu. "Lile la kwetu hakuja kuliona kamwe," akasema. "Hili amekuja." Kisha akauliza swali lake.

Safari hii jibu lilikuwa refu na nilifurahi kulitoa. Akina Herbert walizama kwenye madeni, na wengi husema gharama za kumpokea malkia zilichangia. Mwaka 1899 jumba na shamba vikanunuliwa na mtu wa ukoo wa Guinness, Bwana Ardilaun. Mwaka 1911 vikawa mali ya William Bowers Bourn, tajiri wa Kalifonia, aliyevitoa zawadi ya ndoa kwa binti yake Maud alipoolewa na Arthur Vincent. Maud alifariki mwaka 1929, na mwaka 1932 wazazi wake pamoja na mumewe wakalitoa eneo lote, zaidi ya hekta 4,000, kwa taifa la Ireland kwa kumbukumbu yake. Ndiyo hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humu. Imeongezwa tangu hapo, sasa imepita hekta 10,000, na maziwa yote matatu yamo ndani. Hakuna lango la kulipia. Tuliingia kwa miguu kama watu wanavyoingia uwanjani kwao.

"Kwa hiyo ni la watu," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama. La watu."

Hakuongeza neno, ila mwendo wake ulibadilika. Aliacha njia ya lami akakatisha kwenye majani, akaenda moja kwa moja hadi ukingoni, akanawa uso.

Njia ya kuelekea maporomoko ya Torc, yenye kimo cha mita 20 hivi, hupita chini ya msitu wa miti ya mwaloni (oak) uliofunikwa kwa kuvumwani kila jiwe na kila tawi. Kulungu wekundu, ambao ni wa asili hapa, tuliwaona wawili kwa mbali. Mwanzoni mwa jioni nilimwonyesha Mama maua ya zambarau yaliyotanda mlimani, mazuri sana kuyatazama, nikamwambia yanaitwa rhododendron, yaliletwa kama mapambo ya bustani, na sasa yanauua msitu. Chini ya vivuli vyake hakuna mche wa mwaloni unaoota. Watu hujitolea kuyang'oa mwaka hadi mwaka. Mama aliyaelewa kuliko mtalii yeyote aliyekuwepo. Amewahi kuona gugumaji likifunga mwalo mzima, mitumbwi ikikwama na wavuvi wakirudi mikono mitupu; nalo lina ua la zambarau.

Siku ya tatu goti lilimsumbua, kwa hiyo bonde la Gap of Dunloe tuliliacha. Mwenye miguu mizuri apande mashua asubuhi Ross, apite maziwa yote matatu hadi Lord Brandon's Cottage, kisha avuke bonde kwa miguu, takribani kilomita 11, akitokea Kate Kearney's Cottage. Sisi tulikodi teksi hadi Ladies' View, mahali palipopewa jina kwa sababu ya mabibi waliofuatana na malkia mwaka 1861 na kupapenda. Ziwa la juu liko chini yako, milima imelizunguka, na mbali kidogo unaona maji yanavyojipenyeza kati ya miamba kwenda kwenye maziwa mengine. Dereva alituonyesha upande wanakoruka tai wenye mkia mweupe. Walikuwa wamekwisha kabisa hapa nchini, wakarudishwa kuanzia mwaka 2007 kwa makinda yaliyoletwa kutoka Norwei. Tulingoja nusu saa. Tai hakutokea, lakini Mama hakutaka kuondoka mpaka mvua ilipoanza.

Usiku wa mwisho aliniomba turudi Ross. Wakati huo wa mwaka jua huzama karibu saa nne usiku, na yeye hakuweza kuzoea. Kila jioni aliuliza kama saa yangu ni nzima. Tuliketi kwenye benchi mbele ya ngome. Mashua zilikuwa zimefungwa, maji yametulia, milima imegeuka bluu na kisha nyeusi. Baridi ilianza kuniingia, nikamwambia twende. Akasema tungoje kidogo. Nilidhani anasali. Giza lilipokamilika ndipo nikaelewa anangoja nini. Kwetu, usiku usio na mwezi, ziwa huwaka taa za wavuvi wa dagaa hadi upeo wa macho, kama mji mwingine ulioko majini.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwaka hata taa moja.

"Huku samaki wanalala," alisema, akasimama, akanishika mkono.