Nilivyopunguza mzigo wa sesheni kwenye mfumo wa kupandisha wageni Kilimanjaro

Kampuni moja ya utalii hapa Moshi ilinipa kazi ya kumalizia mfumo wao wa PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Aliyeuanza alishaondoka. Mgeni anachagua njia, tuseme Machame au Marangu, kisha tarehe na idadi ya watu, halafu anakodi mfuko wa kulalia na fimbo, mwisho analipa. Yote hayo yalikaa kwenye objekti moja (kifurushi cha data pamoja na methodi, yaani kazi zake) ya klasi, au kiolezo, ya Safari, iliyohifadhiwa nzima nzima ndani ya $_SESSION, yaani sesheni: kumbukumbu ya seva kuhusu mgeni anapohama ukurasa hadi ukurasa.

Ukurasa wa vifaa ulikuwa unagoma. Nikachapisha kilichomo kwenye sesheni kwa var_dump, nikakuta __PHP_Incomplete_Class. Ombi likiisha, PHP huigeuza objekti kuwa maandishi na kuyaweka kwenye faili la seva. Kivinjari hubaki na kuki ya PHPSESSID tu. Ombi jingine likija, session_start() huyasoma na kuiunda upya. Kama klasi haijapakiwa muda huo, unapata data bila methodi hata moja. Na kweli, pale session_start() ilikuwa mstari wa kwanza, require ya klasi, yaani mstari unaoipakia, iko chini yake. Nikaweka spl_autoload_register, inayopakia klasi yenyewe ikihitajika, juu kabisa, tatizo likaisha.

Kazi ikawa bei. Objekti ilibeba bei iliyosomwa mgeni alipoanza, na ofisi ikipandisha bei ya vifaa katikati, mgeni analipa ya zamani. "Kijana, huyu mbona kalipa pungufu?" bosi akaniuliza. Nikataka Safari iulize hifadhidata yenyewe, nikaipa muunganisho wa PDO, chombo cha PHP cha kuongea na hifadhidata. PHP ikakataa, maana PDO haigeuzwi maandishi. Unaweza kuuacha nje kwa __sleep() na kuunganisha tena kwa __wakeup(), au tangu PHP 7.4 kwa __serialize() na __unserialize(). Inafanya kazi, ila kwangu ni kuhangaika bure.

Sasa sesheni ina safu (array) ndogo tu, yaani orodha ya data tupu: njia, tarehe, watu, namba za vifaa. Kila ukurasa unaunda Safari mpya kutokana na safu hiyo na kusoma bei ya muda huo.

Lililobaki ni muda. Kwa kawaida data ya sesheni ikipita sekunde 1440 bila kuguswa, yaani dakika 24, inaruhusiwa kufagiliwa, na mgeni anayekwenda kumuuliza mumewe habari za likizo harudi haraka hivyo. Kwa hiyo akishachagua tarehe, safu ile naiandika pia kwenye hifadhidata, na mfumo unamtumia kiungo cha kuendelea kwa barua pepe.