Nilivyolirudisha jubako la zamani mezani bila kulipaka mafuta

Ukinunua jubako la zamani, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kulipaka mafuta ya kupikia ling'ae. Hapa Kyoto, Japani, niliusikia kwa wauzaji na kwa majirani pia, na nasema wazi: ushauri huo ni mbaya. Jubako langu lilikuwa na nyufa kwenye pembe na mfuniko uliopinda, lakini kilichonichosha zaidi ni mafuta ambayo muuzaji aliyapaka ili picha zitoke vizuri.

Kwa asiyejua, jubako ni makasha ya mbao yanayopandana, mara nyingi matatu au manne, yenye mfuniko mmoja, na ndimo Wajapani wanamopanga osechi, yaani vyakula vya Mwaka Mpya. Hupakwa urushi, ambayo ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho kule Mtwara akaungua vidole kwa mafuta ya ganda anajua mapema ngozi yake itafanywa nini na urushi mbichi. Mafuta hayohayo ya ganda hutengenezewa rangi iitwayo kashu, na majubako mengi ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia yamepakwa hiyo badala ya urushi. Si kitu kibovu, ila usikilipie bei ya urushi.

Majubako ya zamani yamejaa sokoni. Nenda soko la hekalu la Toji tarehe 21 ya mwezi wowote utayakuta chini kwenye maturubai, na bei ni ya maelewano. Zuri la makasha manne unaweza kulipata kwa pesa ya chakula cha jioni cha watu wawili. Ukinunua kwa picha, usiridhike na ile ya mfuniko. Omba picha ya pembe za ndani, ya kitako, na moja iliyopigwa huku tochi inamulika kwa ubavu, maana mwanga wa ubavu huonyesha mikunjo, viraka na nyufa ambazo mwanga wa mbele unazificha. Mwambie pia ageuze kasha moja robo mzunguko alipange tena juu ya mwenzake. Likiyumba, mbao zimepinda.

Tangu sheria ya Japani ya mwaka 1962 kuhusu lebo za bidhaa za nyumbani, vyombo vya namna hii vina karatasi ndogo inayotaja kiini na rangi. Tafuta 天然木, mbao asilia, na 漆塗装, rangi ya urushi. Ukiona ABS ni plastiki, hata kama yamo ndani ya boksi zuri la mbao nyepesi ya mti wa kiri. Yasiyo na karatasi tazama kitako na pembe za ndani: plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa imelingana kila upande na huacha alama ya muungano. Kuna wanaoshauri uchome kwa sindano ya moto. Usimruhusu mtu kufanya hivyo kwenye chombo cha chakula.

Sasa mafuta. Urushi haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoifanya igande, nacho kinahitaji oksijeni na hewa yenye unyevunyevu, nyuzi joto 20 hadi 30, unyevu asilimia 70 hadi 85. Penye mafuta ya kupikia haigandi. Ndiyo maana mafundi husafishia brashi zao kwa mafuta hayo, na ndiyo maana ukidondokewa na urushi mkononi unafuta kwa mafuta kwanza kabla ya sabuni. Kwa hiyo jubako lililopakwa mafuta halikubali kiraka: urushi mpya itabaki inanata wiki nzima, kisha itabanduka.

Nilitumia tapentaini ya mafundi rangi, pamba kwenye kijiti, madirisha wazi, eneo la sentimita chache kwa wakati, pamba mpya kila ikichafuka. Spiriti sikuigusa. Urushi iliyokaa juani miaka mingi uso wake umeshachoka, na spiriti au hata maji yaliyokaa huacha weupe usiotoka. Jaribu kwanza chini ya kitako. Kwenye michoro ya dhahabu, ile ya makie, usisugue kabisa, wala usibandike utepe wa gundi. Unga wa dhahabu utaondoka nayo.

Kisha ndipo penye siri yenyewe, na sikuelezwa na muuzaji hata mmoja: usizibe ufa mbao zikiwa kavu. Jubako lililokaa chumba chenye hita limesinyaa. Ukiujaza ufa siku hiyo, msimu wa mvua wa Juni na Julai ukifika mbao zinavimba, zinausukuma ujazo nje, na wakati mwingine zinapasua palipokuwa pazima. Nilichukua ndoo pana ya plastiki yenye mfuniko, nikaweka taulo lililolowa na kukamuliwa chini, wavu juu yake, kipima unyevu pembeni, na makasha juu ya wavu yasiguse kitambaa. Nilianza karibu na asilimia 50, nikapandisha kidogo kidogo hadi 60 na ushee kwa wiki kadhaa. Zaidi ya hapo ukungu unaingia, kwa hiyo fungua ukague na kunusa kila siku mbili tatu. Mfuniko ulianza kukaa wenyewe, na ufa mmoja wa pembeni ulijifunga hadi kucha haiushiki tena. Nilifurahi mno, kwa sababu watu walishaniambia mfuniko ule ni wa kutupa.

Palipobaki wazi palikuwa na supaglu ya mtu wa zamani. Niliikwangua kwa ncha ya kisu, vumbi likatoka jeupe. Vaa glavu za nitrili na mikono mirefu kuanzia hapa. Gundi ya kweli ni unga wa ngano uliokandwa na maji hadi uvutike, kisha urushi mbichi kiasi sawa na huo unga uliokandwa. Ikiwa tayari inavutika nyuzi nyuzi kama bamia. Paka pande zote mbili za ufa, subiri kidogo ipungue utelezi, bana kwa uzi wa pamba, rudisha kwenye ndoo yenye taulo bichi, safari hii unyevu ukiwa asilimia 75 hivi, maana urushi inauhitaji ili igande. Wiki mbili ni chache, iache zaidi.

Mabonde yaliyobaki huzibwa kwa tonoko, unga laini wa udongo, uliolainishwa kwa maji matone machache kisha urushi. Tabaka jembamba, likauke, msasa wa maji namba 600 halafu 1000, rudia. Wenye haraka hujaza kwa mara moja: juu panaganda, ndani panabaki laini kwa miezi. Rangi ya mwisho nayo ni vivyo hivyo, ikiwa nzito uso unakunjamana. Nyeusi ya zamani imeelekea kahawia kwa jua, kwa hiyo nilitia chembe ya bengara, rangi nyekundu ya kutu ya chuma, ili kiraka kisipige kelele. Tyubu ndogo ya urushi nyeusi inatosha majubako kadhaa na inauzwa kwa yeni elfu moja au mbili.

Kabla ya chakula nilingoja zaidi ya mwezi, nikilizika jubako ndani ya mchele kuondoa harufu. Vyenye siki, kama namasu, yaani kachumbari ya figili na karoti, naviweka kwenye vikombe vidogo vya kauri ndani ya kasha. Maharage meusi matamu na kamaboko, mkate wa nyama ya samaki, vinakaa moja kwa moja. Kuosha ni maji vuguvugu na sponji laini, ukaushe papo hapo. Usiloweke, usitie kwenye maikrowevu wala mashine ya vyombo. Wakati wa baridi naweka kikombe cha maji kwenye kabati lake, na kati ya kasha na kasha karatasi laini, si nailoni.