Baba alipoifungua tovuti yangu

Jana imeingia barua pepe ya msajili wa majina ya tovuti: jina la tovuti yangu, lile la .co.tz, linakaribia kuisha muda, lipia. Kila mwaka ikifika namkumbuka Baba na miwani yake.

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, nimekwenda Tanga. Tovuti nilishaijenga Dar, usiku usiku, kwa HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa, nilizojifunza mwenyewe, nikaiweka kwenye GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti, kwa kuwa ni bure. Kurasa tatu: Kazi, Kuhusu, Mawasiliano. Nembo, vifungashio, kadi za harusi. Hapo hapana hadithi, labda hili tu: kompyuta ya Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, seva, yaani kompyuta inayoitoa tovuti kwa watu, inajali. Picha zilizoishia na .JPG zilinitoa jasho.

Siku hiyo baada ya futari nikamalizia kulielekeza jina kwenye seva. Nafungua kwa simu yangu, hakuna kitu. Nafungua tena, patupu. Wanaoijua DNS, mfumo unaoonyesha jina la tovuti liko kwenye seva gani, wanaelewa: mitandao huhifadhi jibu la zamani, na kila mmoja hulitupa kwa wakati wake, dakika chache au hata siku mbili. Baba alikuwa barazani anatia vifungo kanzu za Idi, na laini yake ni ya mtandao mwingine. Nikachukua simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, nikamwandikia anwani.

"Imekuja," akasema. Simu akagoma kunirudishia.

Basi nikawa naisikiliza tovuti yangu badala ya kuiona. Tepu shingoni, sindano kaichomeka kifuani, simu kaisogeza mbali na macho. Picha ya kwanza ilikuwa nzito, inashuka mstari kwa mstari, naye anaitangaza kama mpira redioni.

"Naona buluu... bado buluu... buluu tu, mwanangu... aa, kuna samaki!"

Ilikuwa nembo ya mgahawa mmoja.

"Huyu samaki umemchora wewe?"

"Mimi, Baba."

"Anacheka."

Sikujua kama ni sifa. Akateremka mpaka mwisho, akapanda, akateremka tena.

"Bei iko wapi?"

"Inategemea kazi, Baba."

"Na namba ya simu?"

Nikamwambia kuna fomu, mteja anajaza ujumbe unanifikia. (Inapitia huduma nyingine; kurasa za GitHub zenyewe hazipokei ujumbe.) Akaanza kuijaza palepale, kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kanzu ya watu imelala mapajani. Ujumbe ukaniingilia kwenye barua pepe kabla mimi mwenye tovuti sijaiona: "mwanangu nimeona weka namba".

Nikamchokoza. Mbona lile koti analotundika mlangoni nalo halina bei?

"Koti halina bei kwa sababu mimi nimekaa hapa. Wewe humo umekaa wapi?"

Mama akacheka huko ndani. Mimi nikajifanya nashughulika na simu.

Namba niliiweka usiku uleule. Imeleta kazi, siwezi kukataa. Imeleta pia wapigaji wa saa sita za usiku wanaouliza kadi shilingi ngapi, ukitaja wanakata. Nikaitoa, kisha nikairudisha. Bei ya nembo nayo niliwahi kuiweka: walio nje ya nchi wakaniona rahisi mno, wa hapa mjini wakaniona najidai. Sasa hivi pameandikwa "maelewano", na Baba akipasoma huguna tu. Wanaonipigia siku hizi ni wachache, ila wengi wao wanakuwa wameshaamua. Au ndivyo ninavyojipa moyo.